Nani Alitenda Dhambi?



Mwaka 1952 na 1953, huko Newala na Masasi, watu walishikwa na homa kali, viungo vikauma hadi mtu anatembea amepinda. Jina la ugonjwa huo, chikungunya, limetoka kwenye Kimakonde, na leo dunia nzima inalitumia. Chanzo chake ni kirusi kinachobebwa na mbu. Juu kule uwandani maji yalikuwa ya shida, watu wakayatunza kwenye vyombo ndani ya nyumba, na mbu wakazaliana humo humo.

Sasa, ukisikia mtu anasema, "Homa hii ni mkono wa mtu," utafanyaje? Wengine tunanyamaza, eti tunaheshimu wazee. Wengine tunacheka: "Washamba hawa!" Mimi naona pote hapo upendo haupo. Ukinyamaza, bibi asiye na kosa anaweza kuitwa mchawi. Ukicheka, hakuna atakayekusikiliza.

Soma Yohana 9. Wanafunzi walimwona kipofu, wakaanza kutafuta mwenye dhambi. Yesu aliikataa hoja yao waziwazi, lakini wao hakuwafukuza. Naye Petro (1 Pet 3:15-16) anatutaka tuitetee imani yetu kwa upole na heshima.

Basi anza hivi: "Shikamoo babu. Tusali pamoja, halafu tumpeleke mgonjwa zahanati, na mtungi tuufunike." Hapo hujamnyang'anya Mungu wake. Umemwondolea adui ambaye hakuwepo.

Tuombe: Bwana, utupe ujasiri wa kusema kweli, na moyo wa kuisema kwa upendo. Amina.