Baharia Aliyeachwa si Mwombaji

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari ili tutafute ndani yake fadhila zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu: katika darasa letu la baada ya Magharibi tuliulizwa suala na kijana mmoja afanyaye kazi bandarini. Alisema: "Sheikh, ikiwa meli imetia nanga Kilindini, na mwenyewe hawalipi mabaharia wake wala hawarejeshi makwao, watu wa mjini wakawapelekea mchele na maji, je, haki ya watu wale imekwisha timizwa?" Tulimjibu kwa maneno machache, lakini jambo hili lastahili kuelezwa kwa urefu. Sisi ni watu wa bandari, na nyumba zetu ni chache zisizokuwa na baba, mjomba au kijana aliyepata riziki yake baharini.

Kwanza msomaji na ajue kuachwa huku ni kuachwa gani. Mwezi wa Julai 2017 meli moja ya mizigo ilizuiliwa katika bandari ya Adabiya, karibu na Suez, nchi ya Misri, kwa kuwa hati zake za usalama zilikuwa zimekwisha muda. Meli hiyo ikiitwa Aman, nalo ni neno la Kiarabu tulijualo sote maana yake. Mwenye meli hakulipa deni lake. Mahakama ikamfanya afisa mmoja wa meli, kijana wa nchi ya Shamu, kuwa mlinzi wa meli kwa sheria, akanyang'anywa paspoti yake. Mwezi wa Agosti 2018 mama yake alifariki, naye yuko melini, asiweze kwenda kumzika. Wenziwe wakaondoka mmoja baada ya mmoja, hata mwaka wa 2019 akabaki peke yake katika chombo kisichokuwa na taa wala sauti ya mtu. Mwezi wa Machi 2020 dhoruba ikaisukuma meli karibu na pwani, na tangu hapo akawa huogelea kila baada ya siku chache kwenda kutafuta chakula na kutia simu yake moto wa umeme. Aliachiliwa Aprili 2021, baada ya mjumbe wa chama cha wafanyakazi kukubali kushika mahali pake katika ule ulinzi. Karibu miaka minne, wala hakuwa ameiba, wala hakuwa ameua!

Wala usidhani kuwa hicho ni kisa cha mtu mmoja. Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi lilihesabu katika mwaka wa 2024 meli 312 zilizoachwa na wenyewe, na mabaharia 3,133 ndani yake.

Dhulma hii yawezekanaje? Aghlabu mwenye meli hukaa nchi moja, meli ikapeperusha bendera ya nchi nyingine ambayo yeye huenda hajapata kuikanyaga, mabaharia wakatoka nchi ya tatu, na mzigo ukawa wa watu wa nchi ya nne. Biashara ikiwa na faida, mwenyewe hujulikana. Madeni yakizidi thamani ya chombo, huacha kujibu barua na simu, na kila mtu akamwonyesha baharia mlango wa mwenziwe. Naye baharia aogopa kushuka, asije akapoteza ushahidi wa haki yake. Na mara nyingine serikali ya bandari haimruhusu kushuka, kwa kuwa meli haiwezi kubaki bila ya mlinzi.

Sasa na tutazame dini yetu yasemaje. Mtume wetu (Rehema na amani zimshukie) ametuamrisha mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Akatufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaitimiza kazi yake, kisha asimpe ujira wake. Ewe mwenye mali! Katika dunia waweza kujificha nyuma ya bendera na nyuma ya wakili. Siku ile mgomvi wako akiwa ni Mola wako, utajificha nyuma ya nini?

Tazameni pia kisa cha wale watu watatu waliozibiwa na jiwe pangoni. Mmoja wao alikuwa na mwajiriwa aliyekwenda zake akauacha ujira wake. Bwana yule hakuula. Aliufanyia biashara mpaka ukawa mali nyingi, na mwenyewe aliporudi baada ya miaka kudai haki yake ndogo, akapewa yote. Kwa amali hiyo aliomba, na jiwe likasogea. Mtu wa zamani aliutunza ujira wa mtu asiyekuwapo. Wa leo huula ujira wa mtu aliyeko melini mwake, akimwita usiku na mchana!

Basi jawabu ya suala la kijana wetu ni hii: ujira ni deni, na deni halilipwi kwa sadaka ya mtu mwingine. Mchele uliotoka Majengo haumpunguzii mwenye meli hata senti moja. Baharia huyu si mwombaji, ni mdai. Tukimtazama kama mwombaji tutampa chakula na kumwambia asubiri. Tukimtazama kama mdai tutamwuliza: deni lako ni kiasi gani, na nani shahidi wako?

Huenda mtu akasema: "Basi tusiwapelekee chakula?" La, hatukusema hivyo. Msafiri aliyekatikiwa na njia ametajwa katika Qur'ani miongoni mwa wanaostahiki zaka, hata akiwa na mali kwao, maadamu haifikii. Na asiyekuwa Mwislamu katika mabaharia hao apewa sadaka; na katika ujira wake hapana tofauti baina yake na Mwislamu, kwani Mwenyezi Mungu ametuamrisha uadilifu hata kwa tusiowapenda. Tena fahamuni kuwa silaha ya dhalimu ni njaa. Hungoja mpaka mabaharia wadhoofike, kisha huwaletea fedha kidogo na tiketi ya ndege, na karatasi ya kutia saini kuwa hawadai kitu tena. Kwa hiyo chakula chako ni nguvu ya kuikataa karatasi ile. Mlishe ili aweze kudai, wala usimlishe ili anyamaze.

Na njia ya kudai iko. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka wa 2006, kwa nyongeza zilizoanza kutumika Januari 2017, wahesabu kuwa baharia ameachwa akikosa mshahara wa miezi miwili na mwajiri wake akawa amemkatia mahusiano. Wamlazimisha mwenye meli kuwa na bima ya kumlisha, kumrejesha kwao, na kumlipa mpaka mishahara ya miezi minne. Kenya imeutia mkono mkataba huo. Na kwa yanayozidi hapo, sheria ya bahari imeufunga ujira wa baharia na meli yenyewe, na Mahakama Kuu yaweza kuizuia meli na kuamuru iuzwe.

Basi yatupasa mambo matatu. Wenye uwakala wa meli miongoni mwetu wasiifiche habari ya mabaharia walioachwa kwa kuogopa kupoteza kazi, kwani kuficha ushahidi ni dhambi ya moyo. Mawakili wetu na wajuao lugha wawaandikie madai yao bila ya ujira. Na wazee wasiwaache vijana kupanda meli kwa maneno matupu, bila ya kuandikiana na bila ya kujua mwenye meli ni nani na bima yake iko wapi.

Qur'ani imewataja wale waliofanya kazi baharini katika kisa cha Nabii Musa kwa jina la maskini, ilhali jahazi ilikuwa yao wenyewe. Je, huyu asiyekuwa na jahazi wala ujira, tumwite nani?

Ewe Mola wetu, warejeshe makwao wote waliofungwa na bahari, uwape haki zao, wala usitujaalie kuwa miongoni mwa walioona dhulma bandarini mwao wakanyamaza. Amin.