Maangamizi Bila Hatia: Suala la Haki katika Maombolezo ya Wasumeri

Mji wa Ur ulianguka mnamo 2004 K.K. hivi, Waelamu walipouvamia na kumchukua mfalme Ibbi-Sin mateka. Msomaji aliyelelewa na Biblia au Kurani, ayasomapo maombolezo yaliyotungwa baada ya msiba huo, hutarajia kuonyeshwa dhambi iliyouleta. Haonyeshwi. Katika Maombolezo ya Sumer na Ur, Nanna, mungu wa mwezi na mwenye mji, anamsihi baba yake Enlil auhurumie. Enlil anamjibu kwamba Ur ilipewa ufalme, lakini haikupewa ufalme wa milele. Zamu yake imekwisha.

Wahakiki wengine wangeona hapa imani ya watu wasiojali haki. Rai hiyo ni ya haraka mno, kwani Wasumeri waliijua hatia na waliitumia walipotaka. Utungo uitwao Laana ya Agade, ambao nakala zake kongwe ni za enzi ya wafalme wa Ur wenyewe, unadai kuwa Agade iliangamia kwa sababu Naram-Sin alilibomoa Ekur, hekalu la Enlil kule Nippur. Ajabu ni kwamba kumbukumbu za ujenzi zilizopatikana Nippur zinamwonyesha mfalme huyo akilijenga upya hekalu lilo hilo, na mwanawe akiiendeleza kazi. Hatia, basi, nayo ilikuwa ikitungwa.

Kwa nini Ur haikutungiwa hatia? Jibu halimo mbinguni tu. Nchi ilikuwa imeangukia mikononi mwa wafalme wa Isin, waliojihesabu warithi halali wa Ur. Kuwatukana watangulizi kungekuwa kuukata mti walioukalia. Zaidi ya hayo, mwasisi wao Ishbi-Erra alikuwa mtumishi wa Ibbi-Sin, naye alijitenga na bwana wake ilhali Ur bado imesimama, tena ina njaa. Fundisho la zamu lilimfaa sana mtu kama huyo. Hata hivyo, si haki kuliona kuwa hila tupu: liliwaondolea walionusurika mzigo wa kudhani kwamba watoto wao walikufa kwa makosa ya wazazi.

Faraja hiyo haikumfikia kila mtu. Katika utungo aliouchapisha Samuel Noah Kramer miaka ya 1950, unaojulikana kama Mtu na Mungu Wake, kijana aliyepigwa na maradhi na kusalitiwa na rafiki zake anamlilia mungu wake. Umezoeleka kuitwa Ayubu wa Kisumeri, jina linalopotosha, maana Ayubu anashikilia kuwa hana kosa, na kijana huyu anakiri kwamba hakuna mwana wa mwanamke aliyezaliwa bila dhambi. Anarehemiwa baada tu ya kuungama. Katika maombolezo ya Ur, Ishbi-Erra hadaiwi ungamo lolote.