Chagua Mtu Wako Akili Ikiwa Bado Yako

Somo: Danieli 4:28–37

Habari ya Nebukadreza tumezoea kuihubiri kwa upande wa kiburi, na ni sawa. Lakini leo tuangalie mstari wa 36, huwa tunaupita mbio. Mfalme alipoteza akili nyakati saba, akala majani kama ng'ombe, kucha zikaota kama za ndege. Akili iliporudi akakuta nini? Washauri na wakuu wake wanamtafuta, na ufalme wake upo. Hakuna aliyekuwa ameuuza! Sasa wewe, ukipotea nyakati saba, ukirudi utakikuta kile kiwanja chako cha Mtongwe?

Najua kuna mtu anasema, "Pasta, hayo si kujitabiria mabaya?" Hapana, mpendwa. Mfalme alipewa miezi 12 baada ya Danieli kumwonya, na hakufanya kitu. Kiharusi hakiulizi kama unanena kwa lugha. Ajali ya bodaboda nayo haingoji mtu azeeke. Tunaombea uponyaji, na tutaendelea kuomba, lakini anayeombewa ana kodi ya nyumba na dawa za kununuliwa, na mtu lazima atie sahihi.

Hapa sikilizeni vizuri. Wasia unaanza kazi ukishakufa; ukiwa hai na hujitambui, haukusaidii. Ile hati ya uwakilishi, ya kumpa mtu mamlaka atie sahihi kwa niaba yako, kwa kawaida hapa Kenya inaisha nguvu akili yako ikiondoka. Yaani inakufa siku ile ile unapoihitaji! Na kumpa mjukuu namba ya siri ya M-Pesa si kumteua mtu. Huko ni kumpa pesa tu.

Mambo yakishafika hapo, njia ni Mahakama Kuu. Chini ya Sheria ya Afya ya Akili, jamaa wanapeleka ombi pamoja na ripoti ya daktari, na jaji anaweza kuweka mlezi wa mgonjwa na msimamizi wa mali yake. Msimamizi huyo hawezi kuuza ardhi bila ruhusa ya mahakama, na hapo mimi naipongeza sheria. Shida ni kwamba jaji hakujui. Watoto watano wakisimama, kila mmoja anasema mama alimwamini yeye, jaji atajua aje?

Kwa hivyo sema mapema. Waite watoto, useme mbele yao wote, si kumnong'oneza mmoja jikoni. Kisha andika barua, weka tarehe, tia sahihi mbele ya mashahidi wasio na fungu katika mali yako, nakala moja ikae kwa wakili. Barua hiyo haimfungi jaji, lakini ni sauti yako kortini siku ambayo huwezi kusema. Taja nani ashike pesa na nani aongee na daktari; si lazima awe mtu mmoja, wala si lazima awe kifungua mimba. Mwangalie yule ambaye ukimtuma dukani anarudisha chenji.

Na kuna jambo lingine, hili linaniuma. Mzee akianza kusahau jina la mwanawe, akitoka nje usiku bila kujua aendako, wengine wanamwita mchawi. Wenzetu wa Kilifi wamezika wazee waliouawa kwa neno hilo, na mara nyingi nyuma yake kuna shamba. Neno hilo lisitamkwe nyumbani mwa mtu aliyeokoka. Huo ni ugonjwa, mpeleke kwa daktari.

Mlio na mzazi ambaye tayari hajitambui, msichukue kidole chake mkakibandika kwenye karatasi yoyote ya shamba, hata kama mnunuzi amekuja na pesa mkononi. Muoneni mzee wa kanisa baada ya ibada, tuvuke feri pamoja hadi mahakamani.