Saa ya Mwogeleaji na Hesabu ya Nafsi

Swali la saa ipi imfae mwogeleaji huchukuliwa kuwa ni la bei na uimara tu, ilhali ndani yake mna swali kongwe la falsafa na dini: je, juhudi ya mtu yaweza kujulikana kwa hesabu, na ni nani mwenye haki ya kuihesabu? Aristotle, katika kitabu cha nne cha Fizikia yake, alieleza wakati kuwa ni idadi ya mwendo kwa kadiri ya kutangulia na kufuatia, kisha akauliza kama wakati ungekuwapo iwapo isingekuwapo nafsi ya kuuhesabu. Saa ya michezo yaonekana kuifanya kazi hiyo kwa niaba ya nafsi, lakini namna inavyoifanya yadhihirisha upungufu wake.

Mawimbi ya setilaiti hayapenyi maji, hivyo bwawani saa haijui mwogeleaji yuko wapi; inachokijua ni urefu wa bwawa, mita 25 au 50, alioujaza yeye mwenyewe, pamoja na mwendo wa mkono, ambao vihisi vyake huufasiri kuwa pigo, kugeuka au kujisukuma kutoka ukutani. Kwa sababu hiyo, anayeshika ubao kwa mikono miwili na kupiga miguu mpaka mapaja yawake moto, machoni pa saa nyingi za aina hii ni kama hakuogelea, maana mkono wake ulitulia. Kipo pia kipimo kiitwacho SWOLF, yaani jumla ya sekunde na mapigo ya mikono katika urefu mmoja wa bwawa: aliyetumia sekunde 30 na mapigo 20 hupata 50, na aliyetumia sekunde 25 na mapigo 25 hupata 50 hiyo hiyo, ingawa hawakuogelea kwa namna moja hata kidogo.

Kwa upande wa dini, Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara katika kitabu chake Ihya Ulumuddin, akaanza na musharata, yaani kuwekeana masharti kabla ya kazi, ikifuatwa na muraqaba, ambayo ni kuichunga nafsi kazini, na muhasaba, ambayo ni kuhesabiana nayo baada ya kazi. Wengi huiona saa kuwa ni chombo cha muhasaba peke yake, wakikimbilia tarakimu mara watokapo majini, na hapo ndipo wanapokosea, kwani masharti yalikwisha kuwekwa dukani, siku walipokubali kipi kihesabiwe na kipi kiachwe. Nia, ambayo katika dini ndiyo msingi wa thamani ya tendo, haimo katika saa yoyote.

Basi anayenunua na achague saa yenye ukinzani wa maji wa angalau ATM 5, inayokubali kubadilishiwa urefu wa bwawa, na yenye nafasi ya kujaza kwa mkono mazoezi ya miguu ambayo haikuyaona, kwa kuwa saa inayokubali kusahihishwa humwachia mwenyewe hesabu yake. Asiye na fedha za kuinunua hajapungukiwa na jambo la msingi: saa kubwa ya ukutani iliyopo katika mabwawa mengi ya mazoezi humwonyesha sekunde, na mapigo anaweza kuyahesabu mwenyewe.