Mbuzi wa Anna na Pesa Chungu za Masara



Katika Kitabu cha Tobiti, sura ya pili, kuna ugomvi wa mume na mke ambao ukiusoma utadhani ulitokea jana hapa Masara. Tobiti amepofuka macho, hawezi kufanya kazi. Mkewe Anna anafuma nguo za watu kwa ujira. Siku moja matajiri wake wanamlipa haki yake yote, kisha wanamwongezea mwanambuzi. Mbuzi anaingia nyumbani akilia, na mume, badala ya kushukuru, anauliza ametoka wapi, asije akawa wa wizi. Mke anaeleza kwamba ni zawadi juu ya mshahara. Mume haamini, anaamuru mnyama arudishwe kwa wenyewe. Hapo Anna anamrushia maneno makali juu ya hizo sadaka zake na huo wema wake wa kujulikana na watu. Sura inayofuata inaanza na mzee akilia na kumwomba Mungu amwondoe duniani. Mbuzi mmoja tu!

Sasa fungua sura ya nne. Siku hiyohiyo aliyoomba kufa, Tobiti anakumbuka kwamba aliweka talanta kumi za fedha kwa mtu aitwaye Gabaeli, huko Rage katika nchi ya Media. Talanta kumi si pesa za kununulia chumvi. Yeye na Gabaeli waliandikiana hati, wakaigawa vipande viwili, kila mmoja akachukua chake, na sasa miaka ishirini imepita. Mwanawe Tobia ndiyo kwanza anaambiwa. Je, Anna alijua? Maandiko hayasemi. Lakini hebu fikiri, msomaji: mke anafuma nguo za watu ili nyumba ile, na akiba kubwa imelala ugenini. Tobiti alikuwa mcha Mungu, mwenye kuzika maiti zilizotupwa na kulisha wenye njaa. Ucha Mungu wake haukumzuia kumshuku mke wake kwa ajili ya mbuzi. Na kwa Gabaeli, aliyekuwa mbali, aliweka hati. Nyumbani hatusomi kwamba paliwekwa hata neno moja.

Nimeanza na nyumba hiyo kwa sababu mtu anayetaka kujua jinsi ya kuanza bajeti na kuweka akiba hutarajia kupewa hesabu. Hesabu zitakuja, na si ngumu, mtoto wa darasa la nne anaziweza. Kilicho kigumu ni kile kinachotangulia hesabu: mume kumwambia mke wake kiasi anachopata, na mke kumwambia mume wake kiasi anachoficha. Huwezi kugawa usichokijua.

Hapa kwetu Masara, na katika Jimbo zima la Homa Bay, pesa haziji kama mshahara wa mwalimu. Mchimbaji hukaa wiki mbili anatoa mawe matupu, kisha siku moja mgao wake wa magunia unasagwa, unaoshwa, na jioni ana pesa nyingi kuliko alizoziona tangu Pasaka. Mkulima wa tumbaku hulipwa kwa msimu. Mwenye miwa ya kupeleka Awendo husubiri zaidi ya mwaka mmoja. Mvuvi wa omena kule Muhuru Bay anajua kwamba mwezi ukiwa mwangavu taa zake hazivuti samaki, kwa hiyo kila mwezi una siku za njaa. Mtu wa namna hii akisoma vitabu vya bajeti vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa ofisi huvifunga, na simlaumu.

Tena kuna neno la wazee wetu. Kwa Kijaluo huitwa pesa makech, pesa chungu. Mtaalamu mmoja kutoka Marekani, Parker Shipton, aliishi kwetu akaandika kitabu kizima juu yake mwaka 1989. Wazee wanasema pesa za dhahabu, za tumbaku, za kuuza ardhi ya ukoo, hazikai. Usizilipie mahari, usizinunulie ng'ombe wa boma, zitapotea na kukupoteza wewe pia. Wapo Wakristo wanaolicheka neno hilo na kuliita upagani. Mimi silicheki. Wazee waliona kwa macho yao kijana akipata dhahabu Alhamisi na kukopa unga Jumatatu, wakatafuta maelezo. Ninachouliza ni kimoja tu: uchungu huo uliingilia wapi? Dhahabu ni kiumbe cha Mungu. Mamajusi waliileta mbele ya Mtoto Yesu, na hatusomi kwamba Yosefu na Maria waliikataa. Mimi naona uchungu unaingia njiani, kati ya shimo na mlango wa nyumba, pale mume anapoamua ni kiasi gani mama watoto atakijua.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Baba anachimba, mama anauza mboga na omena kando ya barabara. Januari, mwezi ambao watani wameubatiza Njaanuari, mtoto wa sekondari anarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mama anasema, "Baba watoto, mtoto amefukuzwa." Baba anajibu, "Mama, sina hata ndururu. Wewe je?" Mama anasema, "Mimi nitoe wapi?" Wote wawili wanasema uongo, tena mbele ya mtoto. Baba alipata shilingi 9,000 wiki iliyopita, akalipa deni la baa na kumpa rafiki 3,000 azizungushe. Mama ana 6,000 katika chama, na mkebe mwingine umezikwa ndani ya unga. Mtoto anakaa nyumbani wiki mbili katika nyumba yenye pesa.

Ninyi wenyewe mnajua kama nimetia chumvi.

Basi, hatua ya kwanza haihitaji hata shilingi moja. Jumapili jioni, watoto wakishalala, kaeni wawili mezani na daftari la kurasa 32. Salini Baba Yetu, mkitulia pale penye mkate wa kila siku. Kisha kila mmoja aandike kwa mkono wake alichopata wiki nne zilizopita, anachodai na anachodaiwa. Kila mmoja awe na kalamu yake. Asiyejua kuandika ataje, mwenzake aandike mbele yake. Na liwepo sharti moja: usiku huo hakuna kuuliza "Kwa nini hukuniambia?" Swali hilo ni la haki, lakini ukiliuliza usiku wa kwanza, usiku wa pili hautakuwepo. Mpe mwenzako nafasi ya kusema ukweli bila kuadhibiwa. Hata katika kitubio padre hakupigi kwa sababu umekuja.

Sasa hesabu. Tuseme katika wiki nne baba amepata 1,200, kisha hakuna, kisha 9,000, kisha 2,300. Jumla 12,500. Mama anapata faida ya 300 kwa siku, siku sita, ndiyo 1,800 kwa wiki, na 7,200 kwa wiki nne. Nyumba ina 19,700. Chakula, makaa na sabuni ni 2,800 kwa wiki, jumla 11,200. Kodi ya chumba 1,500. Chama 200 kila wiki, ndiyo 800. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, haipungui 300 kwa mwezi kwa asiyeajiriwa, nayo kwa kawaida hutakiwa kulipwa ya mwaka mzima kwa pamoja, kwa hiyo itengeni kila mwezi. Sadaka 400. Wazazi wa pande zote mbili 1,000, na nasema pande zote mbili. Shule 2,000. Halafu kila mmoja apewe 300 zake asizoulizwa, za soda au za kunyoa. Mtu mzima asiye na shilingi yake mwenyewe atajifunza kuiba nyumbani mwake. Jumla yote ni 17,800. Zimebaki 1,900. Kwa miezi minne ni 7,600, na karo haitawakuta mikono mitupu.

Lakini tazama tena wiki ya pili. Baba hakuleta kitu, mama ameleta 1,800, na chakula peke yake ni 2,800. Hapo ndipo nyumba nyingi huangukia kwenye mkopo, ingawa mwezi kwa jumla unatosha. Ndiyo maana mwenye mapato ya kurukaruka asipange matumizi kwa wiki nono. Apange kwa wiki ya kiangazi. Zile 9,000 si za wiki ya tatu! Ni mshahara wa wiki ambazo shimo litakuwa tupu. Yosefu mwana wa Yakobo alimshauri Farao atenge sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe (Mwanzo 41). Hakungoja kuona kitakachobaki, kwa sababu katika shibe hakibaki kitu. Nanyi dhahabu ikiuzwa, sehemu ya tano iondoke kwanza, siku hiyohiyo, kabla ya kufika sokoni. Katika 9,000 ni 1,800. Zilizobaki zisambazwe kwa wiki nne au tano.

Juu ya mikopo ya simu nitasema kwa kifupi. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Inaonekana kidogo. Ukikopa na kulipa hivyo kila mwezi, mwaka mzima ni asilimia 90, na bado hujanunua hata kuku. Tangu Januari 2019 kuna Fuliza pia, na wako waume na wake wanaolala kitanda kimoja, kila mmoja na deni lake ndani ya simu yenye namba ya siri. Katika daftari lenu yaandikeni hayo kwanza, yakifuatiwa na pesa za kamari, ambazo kwa vijana wetu zimekuwa shimo refu kuliko yale ya Masara.

Mahali pa kuweka? Simu ina akaunti za kufunga hadi tarehe mnayochagua. Chama kizuri ni bora zaidi, kwa sababu wenzako wanakutazama. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoanzishwa na shirika la CARE kule Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, vimeenea Afrika yote kwa kutumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kuwatengenezea dogo lenye kufuli mbili. Nyumba ina watu wawili, sivyo?

Najua waume mnachosema: "Nikimwambia mke kiasi changu, kesho kwao watajua." Huenda. Lakini aliyeahidi mbele ya altare kuishi nawe katika shida na raha anastahili kujaribiwa kwa kiasi kidogo kabla ya kuhukumiwa. Na usiseme "pesa zangu" kwa sababu wewe ndiye uliyeshuka shimoni. Hata Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba kuwa mchango katika mali ya ndoa. Serikali imekiona ambacho baadhi yetu Wakatoliki hatukioni.

Wake nanyi mnasema: "Akijua nina kitu, ataacha kuleta unga." Neno hili ni zito zaidi, nami sitalipita kwa haraka. Kuna nyumba ambamo mkebe uliofichwa katika unga ndio uliomweka mtoto shuleni. Mke ambaye mume wake anakunywa kila senti, au anampiga kwa ajili ya pesa, simwambii akabidhi mkebe huo Jumapili hii. Kuwalinda watoto si dhambi. Mke huyo awaite kwanza wasimamizi wa ndoa, au mama mwaminifu wa jumuiya ndogo ndogo, au padre, na mazungumzo yafanyike mbele yao. Lakini mama, jiulize kwa unyofu: mume wako ni wa namna hiyo kweli, au ulianza kuficha mwaka wa kwanza wa ndoa kwa sababu shangazi alikufundisha hivyo, na hujawahi kumjaribu?

Turudi kwa ile nyumba ya karo. Tuwaone mezani, Jumapili ya kwanza. Baba ameandika zile 9,000 na mahali zilipokwenda, mstari kwa mstari, hata baa. Mama amekaa kimya kwa muda mrefu. Kisha ameinuka, akaenda kwenye debe la unga, akarudi na mkebe na kitabu cha chama, akaviweka juu ya daftari. Baba amevitazama. Ile sharti inambana; "Kwa nini hukuniambia?" imefika mpaka midomoni. Ameimeza.

"Na hizi za chama," anauliza, "tunagawiwa lini?"

"Desemba, tarehe kumi na tano."

"Basi andika wewe," anasema, na kumsogezea daftari. "Mimi nitashika taa."