Mwenye Shughuli Akae Meza Kuu

Oktoba 26, 1985, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, kijana wa miaka 19 aitwaye Marc Buoniconti alijirusha kumkaba mpinzani katika mechi ya kandanda ya Kimarekani. Alikuwa akichezea chuo cha kijeshi cha The Citadel. Shingo iliteguka, uti wa mgongo ukaumia, na mwili ukapooza kuanzia mabegani kwenda chini. Hajatembea tena.

Baba yake, Nick Buoniconti, alikuwa mhimili wa Miami Dolphins, ile timu ya 1972 iliyoshinda mechi zote za msimu hadi kutwaa taji la NFL. Mpaka leo hakuna nyingine iliyofanya hivyo. Mtu wa sifa hizo akifikwa na msiba, simu zake hupokelewa, na Nick alizipiga kwelikweli. Mwaka huohuo wa 1985 yeye na Dkt Barth Green, daktari wa upasuaji wa neva katika Chuo Kikuu cha Miami, walianzisha mradi wa kutafuta tiba ya kupooza. Kuanzia 1986 ikaandaliwa jijini New York dhifa ya kuwatuza magwiji wa michezo. Wenye fedha hununua meza ili wale pamoja na mabingwa waliowashangilia tangu utotoni, na kinachopatikana huenda kwa watafiti.

Nimeifikiria sana dhifa hiyo, kwa kuwa karamu za hisani zimeongezeka kwetu pia. Zamani tulifanya harambee chini ya mti, mwenye mbuzi akaleta mbuzi. Siku hizi kuna kadi za mwaliko, meza za wadhamini na mshereheshaji wa kulipwa. Sina ugomvi na hilo. Aliyevunjika uti wa mgongo anahitaji fedha, tena nyingi na kwa muda mrefu: kiti cha magurudumu, mipira ya mkojo, dawa za vidonda vya kulalia, na mtu wa kumgeuza usiku kila baada ya saa chache ili vidonda hivyo visimle. Familia inauza shamba, inamaliza, na mgonjwa bado yuko kitandani. Akitokea mwanariadha maarufu akakubali jina lake litumike kuvuta wachangiaji, Mungu ambariki.

Lakini kuna jambo nililoliona katika hoteli moja ya Nairobi ambalo halijanitoka. Waliotuzwa walikuwa wanariadha, na miongoni mwao kijana mrusha mkuki anayetumia kiti cha magurudumu. Jina lake lilipoitwa, ikabainika kwamba jukwaa lina ngazi nne na hakuna njia nyingine ya kupanda. Wahudumu wawili waliweka sinia zao chini, wakamnyanyua na kiti chake. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kubebwa. Kiatu chake kimoja kilidondoka kwenye zulia, na huku mshereheshaji akiomba makofi kwa moyo wa ujasiri, yule kijana alikuwa akikitafuta kwa macho. Halafu ikaletwa hundi kubwa kama mlango, ikasimamishwa magotini pake, picha zikapigwa huku akionekana kichwa tu. Kipaza sauti kikapewa mdhamini. Kijana akateremshwa vilevile alivyopandishwa, bila kusema neno.

Hapo ndipo ninapotaka tujifunze kwa wale wa Miami. Marc Buoniconti hakubaki kuwa picha ya kulainishia mioyo ya wachangiaji. Ni rais wa mradi ule, anazungumza kwa niaba yake na kuuombea fedha kwa kinywa chake. Mwaka 2001 baba yake alipoingizwa katika jumba la heshima la wachezaji wa kandanda ya Kimarekani, mtu aliyepewa kazi ya kumtambulisha mbele ya umati alikuwa Marc, akiwa kwenye kiti chake. Nick aliposhika zamu akasema angeyaachilia yote, heshima na mataji, ili mwanawe atembee. Baba alikuwa anatuzwa, na mwana ndiye aliyempandisha jukwaani.

Tena mambo hayakuishia hapo. Nick mwenyewe aliishiwa na uwezo wa akili taratibu katika miaka yake ya mwisho, na mwaka 2017 akatangaza kwamba ubongo wake utolewe kwa watafiti wa madhara ya kugongwa kichwa michezoni. Alifariki 2019 akiwa na miaka 78. Kabla hujafa hujaumbika, walisema wahenga, na wanamichezo wanaijua kauli hiyo kuliko wengi wetu. Mwili unaoshangiliwa leo ndio huohuo unaoweza kuumia kesho katika mechi au mazoezini. Kwa hiyo bingwa anayesimama kwenye dhifa kama ile hawatendei wageni fadhila. Anachangia nyumba ambayo huenda naye akaja kulala.

Na kwetu hatuna upungufu wa watu wa kuongoza. Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, alishiriki mbio za mita 5,000 katika Michezo ya Walemavu ya Sydney 2000. Mwongozaji wake, mwenye macho mazima, alikuwa mgonjwa na akaishiwa nguvu karibu na mwisho. Asiyeona ndiye aliyemkokota anayeona hadi kwenye utepe, na dhahabu ikaja Kenya. Mwaka 2012 Zack Kimotho, aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi, alitoka Nairobi kwa kiti chake cha magurudumu akielekea Afrika Kusini, akiomba Wakenya wamchangie kwa M-Pesa ili kijengwe kituo cha tiba na urekebishaji kwa waliovunjika uti wa mgongo. Yeye ndiye aliyekuwa barabarani, juani, akisukuma magurudumu kwa mikono yake na kueleza anachokitaka. Watu walimsikia, nami naamini walimsikia kwa sababu hakusemewa.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inataka angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika taasisi za umma zishikwe hatua kwa hatua na watu wenye ulemavu. Kamati za karamu hazimo katika sheria hiyo. Umuhimu wa kuwashirikisha zingepaswa kuuona zenyewe, kwani anayejua kwamba mpira wa mkojo wa bei rahisi huleta maambukizi, au kwamba kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya sakafu ya hospitali hakimalizi mwezi kwenye barabara ya vumbi, ni yule anayevitumia. Bila yeye kwenye kikao, fedha zitachangwa kwa nia njema na kununua kisichofaa.

Msimu wa karamu hizi unakaribia. Ukipelekewa kadi, nunua kiti chako, nenda ukawapigie makofi wanariadha wetu, wanastahili. Ila kabla ya kulipa, wapigie simu waandalizi uwaulize: mwenye kiti cha magurudumu atapandaje jukwaani? Atapewa kipaza sauti? Na katika kamati itakayogawa fedha hizi, watu wenye ulemavu ni wangapi? Wakikosa majibu, wape muda wayatafute, na hela yako iweke mfukoni mpaka wayapate.