Ladha, Bei na Ushahidi wa Ulimi

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, ukizikalisha pamoja, hugombana. Moja yasema: kipendacho moyo ni dawa. Ya pili yasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya kwanza yampa kila mtu haki ya kupenda akipendacho, wala hana wa kumuuliza. Ya pili yadai kwamba uzuri umo ndani ya kitu chenyewe, na kila mwenye macho atauona. Tufuate ipi, pale mtu anapotaka kuchagua kitu cha kumburudisha ilhali mfuko wake ni mwepesi? Swali hili nimelichukulia mfano wa mvinyo wa zabibu, ingawa mimi si mnywaji wala sina nia ya kumshawishi yeyote anywe. Nina sababu ya kuuchagua mfano huo, na sababu yenyewe ni deni.

Katika ujana wangu nilikuwa mhudumu wa hoteli moja ya ufukweni. Jioni moja waliketi kwenye meza yangu wageni wawili, mume na mke, watu wazima ambao, kwa maneno yao wenyewe, walikuwa wamedunduliza miaka mingi ili waione Unguja. Yule bwana aliniinamia, akanambia kwa sauti ya chini: "Kijana, tuchagulie mvinyo mzuri usiotuzidi uwezo." Nilikuwa nimefundishwa kwamba ombi kama hilo hujibiwa kwa kidole kwenye mstari wa juu kabisa wa orodha. Nikanyoosha kidole. Nikasifu harufu ambayo sijapata kuinusa na ladha ambayo sijapata kuionja. Aliitazama bei, akamtazama mkewe, akaona haya kukataa mbele yangu. Waliunywa, wakausifu. Siku tatu zilizobaki hawakula tena chakula cha usiku pale hotelini. Niliwaona njiani wakinunua mikate na ndizi.

Kwa muda mrefu nilijituliza kwa hoja moja: si waliusifu wenyewe? Utulizo huo ulipata nguvu niliposoma khabari za utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na wataalamu wa California. Watu 20 walionjeshwa mvinyo huku bongo zao zikipigwa picha kwa mashine. Hawakujua kwamba mvinyo mmoja ulirudiwa mara mbili, mara ukitajwa kuwa wa dola 90, mara wa dola 10. Waliupenda zaidi ulipotajwa kwa bei ya juu. La ajabu ni kwamba hawakuwa wakijifanya, kwani sehemu ya ubongo inayohusishwa na raha nayo ilichangamka zaidi bei ilipopandishwa. Basi, nilijiambia, huenda niliwauzia wale wazee raha ya kweli.

Lakini hoja hiyo haisimami. Ukitaka kuijua hila, itamke mbele ya yule unayemfanyia. Lau ningalimwambia yule bwana, "Sehemu ya raha utakayoipata usiku huu itatokana na ughali wenyewe, na mimi ninayekusifia sijui chochote," asingalitoa hata senti. Raha isiyoweza kustahimili kuambiwa chanzo chake inaweza kuwa raha ya kweli, lakini haikuchaguliwa na mwenyewe. Kosa langu halikuwa kuwapa kinywaji kibaya. Niliwanyang'anya hukumu yao, na nilitoa ushahidi wa jambo nisilolishuhudia.

Wala si mimi wa kwanza kuifanya bei kuwa kadhi. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, madalali wa Bordeaux walizipanga nyumba za mvinyo mwekundu za kwao katika madaraja matano, na kipimo chao kikuu kilikuwa bei ambazo mvinyo huo ulikuwa ukiuzwa. Bei ikazaa daraja, na daraja likazidi kuzaa bei. Tangu hapo ni nyumba moja tu, Mouton Rothschild, iliyopandishwa kuingia daraja la kwanza, nayo ni mwaka 1973. Miaka mitatu baadaye, tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza mmoja aliyekuwa na duka mjini Paris, Steven Spurrier, aliwaita waonjaji wa Kifaransa wenye sifa, akawafichia majina ya chupa. Mvinyo wa California ukaongoza, mweupe kwa mwekundu, ukaupita hata wa Mouton.

Je, tuseme basi kwamba ladha haina mizani, na kila mmoja abaki na lake? La. Mwanafalsafa David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha, alikisimulia upya kisa cha watu wawili walioombwa kuonja pipa la mvinyo. Mmoja alisema ni mzuri, ila una harufu ndogo ya ngozi. Wa pili alisema ni mzuri, ila una ladha ndogo ya chuma. Wakachekwa. Pipa lilipomwagwa, ulionekana chini yake ufunguo uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Ulimi uliozoezwa, basi, waweza kuona kilichomo kwa hakika. "Nakipenda" ni khabari ya moyo wangu, na hapo methali ya kwanza yatawala. "Ni kizuri" ni khabari ya kitu, na hiyo yataka ushahidi. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya zote mbili, ndani ya methali ya tatu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Leo ningeombwa vile, ningeanza kwa kuuliza. Chai mwaipenda nzito hadi ikaukausha ulimi, au nyepesi? Ukakasi ule ule umo ndani ya mvinyo mwekundu, nao hutoka katika maganda na kokwa za zabibu. Asiyeupenda katika kikombe hana haja ya kuulipia katika bilauri. Limau mwalipenda? Mvinyo wa nchi za baridi aghalabu huwa mchachu zaidi kuliko wa nchi za jua kali. Mtakula nini? Kisha ningesema wazi kwamba sehemu kubwa ya bei haifiki kinywani: ni ardhi yenye jina, pipa jipya la mwaloni, chupa nzito. Mwenye kidogo na atazame jirani wa mwenye sifa. Nje ya jimbo la Champagne, Wafaransa hutengeneza mvinyo wa povu uitwao crémant, kwa njia ile ile ya kuuchachua mara ya pili ndani ya chupa, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini. Afrika Kusini imejaa mizabibu ya Chenin Blanc, na huko hupatikana chupa za bei nafuu. Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, yatoa mvinyo usiobebeshwa gharama ya kuvuka bahari mbili. Wekeni bilauri mbili, fichani majina, uacheni ulimi useme kabla ya macho kuisoma bei.

Na juu ya yote ningesema: "Bwana, mimi sijauonja. Nitamwita anayeujua." Maneno hayo hayafiki kumi, na ndiyo niliyokuwa nikidaiwa.

Sisi wasomaji wa tungo hatuko mbali na meza ile. Mara ngapi tumelisifu diwani kwa jina lililo juu ya jalada, au tumenyamaza mbele ya shairi la kijana asiyejulikana ilhali limetugusa? Wale wazee sikuwaona tena, wala sijui walikorudi. Ila kila niombwapo kusifu kitu, hujiuliza kwanza kama nimekionja.